Kreti la Pili Kando ya Pipa

Ipo Jumatatu moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo pua yangu inasikia moshi na roho inaniuma. Nilikuwa nimesimama dirishani kwetu Rosettenville, huku kusini mwa Johannesburg, pazia nimelisogeza kwa kidole, namtazama mume wangu akicheka na mwanamke mwingine uani. Katikati yao palikuwa na pipa la chuma lenye nyama ya nguruwe ndani. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, kwa kuwa nilikuwa nashona, na nadhani ni ile sindano tu iliyonizuia nisipige kelele.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba siku hizi unalala na simu ya mumeo chini ya mto wako. Sikucheki. Wakati wetu simu hazikuwa na siri nyingi, kwa hiyo tulichunguza mashati. Nitakueleza nilivyoyachunguza na nilichokipata, kisha hiyo simu utaamua mwenyewe uifanye nini.

Baba Neema wangu ni mtu wa Kalemie, pale ziwani. Mama yake alikuwa akikausha samaki kwa moshi, na yeye alikua kwenye moshi huo, akifukuza nzi na kusogeza kuni. Alipofika huku hapakuwa na ziwa. Alipata kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi kule Marshalltown, wiki nzima amesimama mlangoni akiwafungulia watu wasiomtazama usoni. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumatatu. Ndipo akatafuta pipa la mafuta, akalikata kwa urefu, akalitia bawaba na bomba la kutolea moshi, na badala ya samaki akaweka bega la nguruwe.

Uani kwetu kulikuwa na mpichi mzee uliopandwa na watu walioishi pale kabla yetu. Alikata matawi yake makavu akayapasua vipande vidogo. Asubuhi aliwasha makaa upande mmoja wa pipa, nyama akailaza upande wa pili ili moto usiiguse kabisa, chini yake beseni la maji. Kisha alitia kipande kimoja cha mpichi, akafunga kifuniko, akakaa. Moshi ukipungua alitia kingine kupitia kimlango cha pembeni, akakaa tena. Hivyo hivyo mpaka jua liache ukuta wa nyuma, nyama iwe nyeusi juu na laini ndani, mfupa ukivutwa utoke wenyewe bila ubishi. Watu wa kanisani walitoka makazini wakaja na sahani zao, na siku hiyo mume wangu alikuwa mtu mwenye kitu chake.

Alikuwa akikalia kreti la maziwa alilolipindua. Alitoa makreti mawili kila mara, moja la kwake na moja la ziada. Aliniita, "Mama Neema, kuja tuangalie." Mimi nilimjibu nikiwa kwenye cherehani, "Tuangalie nini, pipa lililofungwa?" Niliona kukaa siku nzima mbele ya chuma ni kazi ya mtu asiye na kazi. Isitoshe, moshi ungeingia kwenye nywele zangu. Alipochoka kuniita, akanyamaza, nami sikugundua amenyamaza tangu lini.

Kisha akaja Solange. Alikuwa msusi, binti wa Bukavu, akapanga chumba cha nyuma ya nyumba yetu. Saluni yao mjini ilikuwa ikifungwa Jumatatu. Siku yao ililingana na ya mume wangu, na hilo nalo nililiweka kwenye makosa yake, kana kwamba yeye ndiye aliyepanga siku za wiki. Mwanzoni alipita tu na ndoo yake ya maji, akasalimia. Baadaye akasimama kidogo aulize kinachopikwa. Halafu akaegemea ukuta. Halafu nikainua macho siku moja kutoka kwenye pindo la sketi ya mteja, nikamwona amekaa kwenye lile kreti la pili, miguu ameinyoosha mbele kwenye jua la baridi, anakunywa chai.

Mwanangu, wivu wangu haukuanza polepole. Ulinivaa mzima mzima siku hiyo hiyo. Nilianza kuishi Jumatatu hadi Jumatatu. Nilijua gauni lake la njano na nilijua analivaa lini. Nilijua kicheko chake kikianza, na nilijua cha mume wangu kitakifuata. Nilishona mikono ya mashati mgongoni na kola kwenye kiuno, wateja wakanirudishia kazi. Jumatatu jioni mume wangu alipooga, nilichukua shati lake nikaenda nalo kwenye kona ya chumba, nikalinusa kwapani, nikalinusa kolani, nikitafuta manukato.

Nilipata moshi. Moshi wa mpichi mtupu, mtamu kidogo, umefunika kila kitu. Hata kama angekuwa amekumbatia duka zima la manukato nisingejua. Nikaona wamekuwa wajanja, wamepata maficho ambayo pua haiwezi kuyaingia. Nikatoka uani nikanusa lile gauni la njano kwenye kamba. Lilinukia vilevile. Wote wawili walinukia harufu moja, na mimi peke yangu nilinukia mafuta ya cherehani. Nililia palepale kwenye kamba ya nguo, uso nimeuficha kwenye gauni la mwenzangu, na hapo ndipo moyo wangu uliponituma vibaya.

Sasa nikurudishe dirishani. Walikuwa wanacheka, mimi nina sindano mdomoni. Niliitema, nikatoka, nikavuka ua bila viatu, nikashika kifuniko cha pipa nikakibwaga nyuma.

"Nione hicho mnachokipika," nilisema.

Moshi wote uliokuwa umekusanyika humo tangu asubuhi ukanijia machoni. Nilikuwa nimekusudia kusimama mbele yao kama mwenye nyumba, badala yake nikasimama nikitokwa na machozi na kukohoa, pua inavuja. Solange aliinuka, akaniachia kreti. Sikulikalia.

Mume wangu hakupandisha sauti. "Funga, Mama Neema," alisema. "Joto inatoka."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi naungua, yeye anahurumia joto la pipa. Nikamwambia mbele ya yule binti achague leo hii, pipa au mimi. Aliinama akafunga kifuniko mwenyewe, taratibu, akafuta mkono wake kwenye suruali, akasema, "Basi." Neno moja tu. Nyama ya siku hiyo ilitoka ngumu, na watu walikula wakatushukuru kwa adabu.

Solange alihama mwisho wa mwezi, kwa jinsi nilivyokuwa nikimwangalia hata ukuta ungehama. Alienda Turffontein, si mbali na kwetu. Na mume wangu alibingirisha pipa hadi barabarani, akalipakia kwenye pikapu iliyobeba vitu vya Solange, akampa. Alisema hana tena kazi nalo. Nilitazama kwa dirisha lile lile, na nilifurahi sana, nisikudanganye. Nilipika kuku usiku ule.

Nilikuwa nimeshinda, basi. Jumatatu zilizofuata Baba Neema alikaa sebuleni mbele ya televisheni akiwa na soksi miguuni. Alibadilisha stesheni, akarudi kwenye ile ya kwanza. Alikula nilichopika, akasema asante, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuninunia hata kidogo. Angeninunia ningejua pa kumshika. Nilimpata mzima ndani ya nyumba, mwanangu, pale pale nilipomtaka, na sikuwa na la kuongea naye. Mashati yake yalinukia sabuni. Niliendelea kuyanusa kwa mazoea, na harufu ya ile sabuni ilianza kunitia huzuni.

Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Tanga, mwenye msimamo na dini yake. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mfupi. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba moshi wetu unaharibu nguo zake kambani, na kila Jumatatu aliziondoa huku akisema maneno. Nikaona huyu ndiye atakayenipongeza. Nikaenda ukutani nikamwambia sasa nguo zake zitakauka kwa raha.

Alikunja shuka lake lote kwanza ndipo akanijibu. "Mie simli huyo mdudu wenu, Mama Neema, na moshi wake nimeutukana sana, Mungu anisamehe. Lakini macho n'nayo. Mumeo alikuwa akitoa makreti mawili. Akiyatoa mawili hata kabla huyo msusi hajaja kupanga hapa."

Nikamwambia labda la pili lilikuwa la kuwekea sahani.

"Sahani akiweka juu ya ukuta wangu, ndiyo maana nikigombana naye. Kreti akilipangusa kwa kitambaa. Akishalipangusa, atazame dirisha lako. Wewe huji. Wiki inakwenda, inakuja nyingine, huji. Likabaki wazi mpaka paka wangu akawa analalia. Kisha mtoto wa watu akapita kachoka, akakaa." Aliweka shuka begani. "Ulipotoka kuja kupiga kelele nilidhani umekuja kukaa. Nikasema, afadhali."

Nikarudi ndani. Ungedhani wivu ungekwisha baada ya kuambiwa hivyo. Ulizidi. Kabla ya hapo nilimwonea wivu Solange kwa kitu nilichodhani ameiba. Sasa nilimwonea wivu kwa kitu nilichopangusiwa mimi nikakataa, na huo ni wivu mbaya zaidi, hauna mtu wa kumtukana. Niliukalia siku kadhaa. Halafu Jumatatu moja nikajifunga kilemba, nikamwambia mume wangu ninaenda kununua uzi, nikapanda taksi hadi Turffontein.

Pipa letu lilikuwa uani kwake, linatoa moshi. Solange aliponiona aliinuka akiwa na koleo la makaa mkononi, na hakuliweka chini. Nikamwambia sikuja kugombana. Nimekuja anifundishe.

Alinitazama sana. Akaniita Yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Akasema, "Yaya, sitaki kukudanganya. Nilimupenda kidogo. Nilikuwaka nasikia muzuri kukaa pale. Lakini yeye hakuniona hata siku moja. Alikuwa anaangaliaka moshi yake tu, na kucheka wakati nyama inagoma."

Nilitamani kumnyang'anya lile koleo nimtie nalo adabu. Nisikufiche hilo. Kumbe sikuwa nimeota, kulikuwa na kitu, na mwenye nacho amekisema mbele yangu bila hata kuinamisha kichwa. Lakini nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kutafuta jambo moja, na mtu pekee Johannesburg nzima aliyekuwa nalo, mbali na mume wangu, alikuwa yeye. Nikavuta ndoo nikaipindua, nikakaa.

Alinifundisha. Alinionyesha moshi mzuri ulivyo, mwembamba, rangi yake karibu na bluu, na ule mnene mweupe unaochachua nyama. Alinionyesha chumvi na sukari na pilipili vinavyopakwa usiku wa kuamkia kazi. Nilishika yote upesi, isipokuwa moja. Sikuweza kuacha kile kifuniko. Solange akiingia ndani kuchukua maji, mimi nainua, nachungulia, nafunga. Akitoka, ananiangalia kidogo tu na kusema, "Yaya, umefungula tena." Nikamuuliza anajuaje. Akasema moshi umenasa kwenye kilemba changu.

"Kila mara unafungula, joto inaanza mwanzo," aliniambia. "Nyama haina pahali pa kukimbilia, Yaya. Iko mule ndani."

Nilicheka, kisha sikucheka. Mchana nyama ilifikia pale ambapo mume wangu alikuwa akisema imegoma. Inatoa jasho, haiivi zaidi, moto ni ule ule, saa zinapita na wewe unaona kama kazi yote imeharibika. Nikataka kuongeza makaa. Solange akanizuia mkono. "Wacha. Ikigoma, mutu anakaa. Itaachaka yenyewe." Tulikaa. Hatukuwa marafiki, na hatukuwa na maneno mengi. Niligundua kwamba ukikaa na mtu mbele ya pipa muda huo wote bila kuongea, mwishoni unamjua kuliko ulivyotaka.

Nilienda kwake Jumatatu kadhaa, mume wangu akidhani nina matatizo ya uzi. Siku Solange aliporidhika alisema pipa ni la kwetu, nije nilichukue nitakapokuwa tayari. Nami nikamshonea gauni la kumshukuru. Lilikuwa gauni zuri. Kiunoni nililiachia kidogo, makusudi. Nilikuwa nimejifunza kupika nyama, sikuwa nimekuwa malaika.

Jumatatu moja Baba Neema aliitwa kazini kuziba nafasi ya mwenzake. Alipotoka tu, nikalifuata pipa Turffontein kwa pikapu. Nikapasua mpichi, nikawasha makaa, nikalaza bega, nikafunga. Nikatoa makreti mawili. Nikalipangusa moja kwa kitambaa, nikakaa kwenye lingine.

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu, kreti tupu linavyokuwa. Kila taksi iliyosimama kwenye roboti ya kona, zile taa za barabarani, ilinifanya nigeuke. Lango likitikiswa na upepo, nainuka. Nikalipangusa tena ingawa halikuwa na vumbi. Niliwaza, je, akija akapita moja kwa moja ndani? Akiwa amezizoea zile soksi na televisheni? Nyama nayo ikagoma. Nikakaa na vyote viwili, nyama iliyogoma na kiti kisicho na mtu, na nikajua mume wangu alikaa hivyo Jumatatu ngapi akitazama pazia langu.

Alifika jua likiwa bado ukutani. Aliingia langoni na sare yake ya kazi, akasimama. Hakuuliza pipa limetoka wapi. Alitazama bomba, akatazama makreti, akanitazama mimi.

"Moshi yako iko nene," alisema.

"Basi kaa uirekebishe," nikamwambia.

Akaja akakaa, na sare yake na viatu vyake vya kazini. Alipunguza hewa kidogo, moshi ukakonda. Baadaye akaniuliza kama nimefungua kifuniko. Nikamwambia hata mara moja. Aliinama upande wangu, akaweka pua kwenye kilemba changu, akavuta pumzi, akajua kwamba nimemdanganya. Lakini hakusema hivyo.

"Unanukia Kalemie," alisema.

Mwanangu, nimeambiwa maneno mengi na mwanamume yule, na sijawahi kuambiwa lingine la kulinganisha na hilo.

Sasa mimi na yeye tumezeeka, na bado Jumatatu tunakaa. Solange ana sehemu yake ya kuuza nyama ya moshi, watu wanapanga foleni hadi nje, na Baba Neema husema kwa kinywa chake kwamba nyama ya Solange inazidi yangu. Akisema hivyo roho inanichoma kama siku ile ya dirishani. Solange akitutembelea, mimi nampa ndoo. Neema, aliyezaliwa huku na ambaye mara nyingi hunijibu kwa Kizulu hata nikimsemesha Kiswahili, huniambia, "Eish, Mama, mpe auntie kiti." Sitoi. Makreti ni mawili.

Kwa hiyo sikuambii uache wivu, maana mimi mwenyewe nimeshindwa. Nakuambia jambo dogo unaloliweza. Kabla hujauliza ni nani anayekaa karibu na mwenzako, jiulize wewe ulikuwa wapi pale palipokuwa wazi. Mrudishie simu yake. Haitakuambia kitu, kama mashati yalivyokataa kuniambia mimi. Mtafute pale unapopenda moyo wake, hata kama ni kwenye mpira ambao hujui sheria zake au injini iliyomwaga oili sakafuni, na ukae. Utachoka, utaona hakuna kinachoendelea, utataka kuinua kifuniko uhakikishe. Jizuie. Na ukishindwa ukainua, funga tena upesi, ukae tena. Akikuita, nenda siku hiyo hiyo anapokuita, kwa kuwa siku atakayoacha kukuita hutaisikia.

Mungu akujalie mtu wa kumpangusia kiti, na akujalie mtu wa kukupangusia chako. Akupe subira Jumatatu zote zitakazogoma. Na ukizeeka, mwanangu, nguo zako na zake zinukie moshi mmoja.